Manjano na Jua

Kuna makosa ya mwalimu ambayo mkaguzi wa shule hawezi kuyaona. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, mtoto mmoja atanyoosha mkono, na kosa litafutwa kwa dasta kabla vumbi la chaki halijatua mezani. Lakini mwalimu akikosea katika kuhukumu uzuri wa kitu, ni nadra kupata wa kumsahihisha, na watoto huondoka na kosa lake wakidhani ni elimu. Mimi nimewahi kufundisha kosa la namna hiyo kwa miaka mitatu, tena kwa sauti ya uhakika. Lilihusu rangi za picha za kale za Kijapani, hususan rangi ya njano. Sasa nimestaafu, nina wakati wa kusoma niliyopaswa kuyasoma zamani, na naona ni haki nilisahihishe mbele ya watu kama nilivyolifundisha mbele ya watu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Dodoma. Shule ya sekondari ya jirani ilikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, kijana mpole aliyefundisha hisabati. Siku moja alitutembelea, akatuachia kalenda yenye picha za kwao. Mwaka ulipokwisha nilikata tarehe, nikabakiza picha mbili, na fundi seremala wetu akazitengenezea fremu za mninga zenye vioo. Nilizitundika ofisini, ukutani mkabala na dirisha la magharibi, mahali ambapo kila aingiaye angeziona. Jua la alasiri nalo liliziona kila siku.

Picha ya kwanza ilikuwa ya daraja chini ya mvua. Ni kazi ya Utagawa Hiroshige ya mwaka 1857, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, katika mfululizo wake wa mandhari mia moja mashuhuri za Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo. Mvua ya ghafla inashuka kwa mistari myembamba iliyonyooka. Watu wanakimbia darajani wamejiinamia chini ya miavuli na kofia pana, na kule mtoni mtu mmoja anasukuma chelezo cha magogo kana kwamba mvua haimhusu. Picha ya pili ilikuwa ya misonobari kando ya maji.

Nilizipenda sana picha hizo, nikawa nazipeleka darasani katika kipindi cha kuchora. Niliwaambia watoto watazame jinsi Wajapani wanavyojizuia: hawapigi kelele kwa rangi, wanatosheka na buluu na kijivu. Hata miti yao, niliwaambia, ni ya buluu, kwa sababu katika lugha yao neno moja, *ao*, hutumika kwa buluu na kwa majani mabichi pia. Jambo hilo la neno *ao* nililisikia kwa yule kijana mwenyewe, na ni kweli kabisa. Hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Nilichukua kweli moja ndogo ya lugha, nikaijengea nyumba nzima ya uongo juu yake.

Mwaka 1989 alihamia darasa la sita msichana mmoja kutoka Pangani, ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Nilipomaliza maelezo yangu juu ya miti ya buluu alisimama akasema, "Mwalimu, labda ni jua. Kwetu nguo ikiingia manjano, mama huifua kwa sabuni, doa likageuka jekundu. Kisha huianika juani. Ikifika jioni doa halipo."

Nikamjibu, "Hapa hatuzungumzi habari za mchuzi. Kaa chini." Darasa likacheka, naye akakaa.

Mwaka 1991 nilipata uhamisho. Nilipozitoa picha zile katika fremu ili nizifungashe, nikaona ukingoni mwa ile ya misonobari, pale ulipofunikwa na ubao kwa upana wa kidole, majani ya mti yalikuwa ya kijani kibichi. Palipoishia kivuli cha fremu palianza buluu. Nilielewa papo hapo. Wino wa kalenda ya kiwandani ulikuwa umepoteza njano yake, kama zinavyoipoteza picha za matangazo kwenye maduka na vinyozi vyetu, ambazo baada ya miaka michache hubaki za buluu kama watu wamezama majini. Nilizikunja picha nikazitia sandukuni. Yule msichana alikuwa amekwisha kumaliza shule. Sikumwambia mtu yeyote.

Hayo ni ya kalenda, na kalenda si picha yenyewe. Nilijifariji kwa miaka mingi kwamba hata kama karatasi yangu ilichujuka, hukumu yangu juu ya Wajapani ilikuwa sahihi. Mwaka 2024 makumbusho ya Brooklyn, huko New York, yalionyesha mfululizo ule wa Hiroshige ambao ulikuwa haujawekwa wazi kwa zaidi ya miaka 20, na mjukuu wangu akanionyesha picha hizo kwenye kompyuta yake. Nikaliona daraja langu. Lilikuwa la njano.

Nitaeleza tofauti hiyo ilivyo, maana kazi ya mhakiki ni kusema kitu kinafanya nini, si kusema tu kwamba kinapendeza. Katika nakala yangu ya ukutani daraja lilikuwa na rangi ya jivu, mto wa buluu, anga nyeusi, na vyote vilikuwa na hali moja. Ndiyo maana niliwafundisha watoto kwamba ni picha ya huzuni. Katika nakala iliyohifadhiwa vizuri, daraja ni utepe wa njano uliokatiza karatasi kwa mshazari, na ndicho kitu pekee chenye joto kati ya maji na mawingu. Wale watu wachache wanakimbia juu ya joto hilo. Ukiwatazama hivyo unaona kwamba hakuna msiba wowote pale: ni watu waliofumaniwa na mvua wakiwa na shughuli zao, na kuna hata kichekesho kidogo katika miguu yao mitupu. Huzuni haikuwa ya Hiroshige. Ilitokana na dirisha langu la magharibi.

Baada ya hapo nilianza kuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzo: njano hiyo ilitengenezwa na nini? Wahenga wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na inafaa kukumbuka kwamba picha hizi Wajapani huziita *ukiyo-e*, maana yake picha za ulimwengu unaoelea. Hata huo unaoelea uliundwa.

Uliundwa na watu wanne. Mchapishaji alitoa fedha na kuamua nini kitauzika. Msanii alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aligundisha karatasi hiyo kwenye ubao wa mti wa cheri, akachonga, na kila rangi ikawa na ubao wake. Mpiga chapa alipaka rangi ubaoni kwa brashi pamoja na uji mzito wa wanga wa mchele, akalaza karatasi ya nyuzi za mforsadi juu yake, akaisugua mgongoni kwa kisugulio kilichofunikwa ganda la mwanzi. Alama zilizochongwa pembeni ziliifanya karatasi ikae mahali palepale kwa kila ubao. Kazi hii ya rangi nyingi ilishamiri Edo mwaka 1765, wakati wa Suzuki Harunobu, pale matajiri wapenda mashairi walipokuwa wakipeana kalenda za picha. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu: nao walianza na kalenda.

Picha hizi hazikuwa vitu vya kifalme. Bei ya moja ilikuwa karibu na bei ya bakuli la tambi. Kwa hiyo mpiga chapa hakutafuta njano katika hazina ya mfalme, bali katika duka la dawa, jikoni na kwa watia rangi nguo. Hebu tuzitazame njano zake za mimea, maana kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni manjano yenyewe, ile binzari tunayoijua sisi, ambayo wao huiita *ukon*. Ilipandwa katika nchi zao za kusini zenye joto, na ufalme wa Ryukyu, visiwa ambavyo leo ni Okinawa, uliifanyia biashara chini ya watawala wa Satsuma. Ni njano iliyochangamka, na mizizi michache hutoa rangi nyingi. Lakini mbele ya mwanga ni dhaifu kuliko wenzake.

Ya pili ni *kihada*, gamba la ndani la mti mmoja wa misituni. Jina lenyewe lina maana ya ngozi ya njano, kwa kuwa ukibambua gamba la nje unaikuta njano chini yake kama umeivua shati. Ni chungu sana, na Wajapani wamelitumia tangu kale kama dawa ya tumbo. Gamba la aina hiyo ndilo lililotiwa katika karatasi za vitabu vya dini huko China kabla ya picha hizi kuwapo kwa karne nyingi, kwa kuwa wadudu hawaipendi karatasi chungu. Kati ya nyaraka za kale zilizokutwa katika mapango ya Dunhuang zimo zenye njano hiyo. Mtaalamu akiimulika kwa mwanga fulani ambao jicho la mtu haliuoni, njano hii huwaka, na kwa njia hiyo huweza kutambuliwa bila kukata hata nyuzi moja ya karatasi.

Ya tatu ni *kuchinashi*, tunda la mgardenia. Neno hilo husikika kama "asiye na kinywa", na huelezwa kwamba ni kwa sababu tunda lake halipasuki likiiva. Washairi wao wa kale walilichezea sana neno hilo walipotaka kusema habari ya mtu anayenyamaza. Tunda lililokaushwa hutoa njano iliyoelekea chungwa, na kiini cha rangi yake ni kilekile kilichomo katika zafarani. Hata leo hutumika kutia rangi vyakula vya sikukuu.

Ya nne ni *enju*, mti uliotoka China, ambao vitumba vya maua yake huchumwa kabla havijafunguka, hukaushwa, kisha huchemshwa. Maji yake yakitiwa shabu, ile ile ambayo vinyozi wetu walikuwa wakiipaka kidevuni, rangi hushika vizuri zaidi. Pamoja na hizi kulikuwa na njano za nyasi na za magamba ya miti mingine. Tena kulikuwa na utomvu wa miti ya Kusini-Mashariki ya Asia uliopitia bandari ya Nagasaki, ambako Waholanzi na Wachina waliruhusiwa kufanya biashara, na jiwe la njano lenye arseniki, ambalo si mmea na ni sumu. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, utomvu na jiwe hilo vilitumika sana. Katika picha za karne ya 18 tunakutana zaidi na bustani, jikoni na duka la dawa.

Sasa tuje kwenye jambo ninalotaka kulisema. Njano katika picha hizi haikuwa rangi ya pambo. Ilikuwa nguzo. Kwanza, katika miaka ya 1790 Kitagawa Utamaro na wenzake walipenda kutandaza njano tupu nyuma ya sura ya mtu, kutoka ukingo hadi ukingo, bila ukuta wala dirisha. Mtindo huo una jina lake, *kitsubushi*. Uso mweupe wa mwanamke uliwekwa juu ya njano hiyo, na njano ndiyo iliyoufanya uso uonekane mweupe, kwa kuwa weupe wake ni karatasi tupu isiyopakwa kitu. Ikichujuka njano, karatasi ya nyuma na karatasi ya uso hukaribiana, na mwanamke huzama. Halafu wapo wanaoandika kwamba msanii alitaka kumwonyesha kama ndoto.

Pili, kijani chote kilitegemea njano. Hawakuwa na kijani cha mmea kinachofaa kwa kazi hiyo, hivyo walichanganya njano na buluu. Na hapa kuna mambo mawili yanayopingana. Wakati wa Harunobu buluu moja iliyopendwa ilikamuliwa kutoka katika ua dogo linalochanua asubuhi na kunyauka mapema siku hiyohiyo. Buluu hiyo haivumilii maji wala mwanga. Ikifa, kijani hubaki na njano iliyochakaa, na bustani yote huonekana kama majira ya kiangazi. Kuanzia mwaka 1830 hivi ilienea buluu ya kiwandani iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo Hokusai aliitumia sana katika mandhari zake za mlima Fuji. Hiyo ni imara. Ikichanganywa na njano ya mmea, njano ndiyo hufa na buluu hubaki, na misonobari hugeuka kuwa ya buluu. Kwa hiyo kijani kilekile huweza kufa vifo viwili, kimoja cha kukauka na kimoja cha kuzama, na msomi asiyejua kilichanganywaje ataandika insha mbili juu ya majira mawili ambayo msanii hakuyachora.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikuwa peke yangu. Picha hizi zilipofika Ulaya na Marekani kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, nyingi zilikuwa zimekwisha kukaa juani, na wakusanyaji wengi walizisifu kwa upole wa rangi zao. Upole huo ukafanywa kuwa tabia ya taifa zima. Rangi kali za viwandani zilipoingia Japani baada ya miaka ya 1860, watu walewale waliziona za kishamba na kusema Wajapani wameharibiwa na Ulaya. Hawakujua kwamba Edo yenyewe ilipenda rangi zilizochangamka. Tukawa tunawafundisha wenyewe walivyo kwa kutumia nguo zao zilizopauka.

Vincent van Gogh, ingawa hakuwa mtaalamu wa makumbusho, alikosea kidogo kuliko sisi. Mwaka 1887, akiwa Paris, alilinakili daraja hili la Hiroshige kwa rangi za mafuta, akazitia nguvu rangi zake kuliko zilivyokuwa mbele yake. Wengi huona hapo pupa ya Mzungu asiyejua kujizuia. Mimi sasa naona mtu aliyehisi kwamba daraja lile linataka kuwa na joto. Inasikitisha kwamba njano ya kiwandani aliyoitumia katika kazi zake mwenyewe nayo imethibitika kugeuka hudhurungi kwa mwanga. Jua halichagui.

Mtu anaweza kunipinga akisema: kwani picha iliyochujuka si nzuri? Ni nzuri. Nimeishi na mbili kwa miaka mitano na sitazikana. Tena picha hizi ziliuzwa kwa bei ya tambi kwa watu waliozibandika ukutani na kwenye viwambo, na hawakutarajia wajukuu wazirithi. Uzee wa kitu una uzuri wake, kama uso wa bibi. Lakini mtu anayempenda bibi yake hasemi kwamba alizaliwa na mikunjo. Kosa haliko katika kuupenda mpauko, liko katika kumpa msanii sifa au lawama ya kazi iliyofanywa na jua. Vitabu vingi vya picha vimechapa nakala iliyopauka bila neno moja chini yake la kumwambia msomaji. Huo ni uzembe, na msomaji wa mbali kama mimi, asiyeweza kupanda ndege kwenda kulinganisha, ndiye anayeulipia.

Upande wa pili nao una ukali wake. Mwaka 1921 ndugu wawili, William na John Spaulding, waliyapa makumbusho ya Boston picha zaidi ya 6,000, nyingine walinunuliwa huko Japani na mjenzi Frank Lloyd Wright. Walitoa kwa sharti kwamba zisionyeshwe hadharani kamwe. Kwa ajili ya sharti hilo, zile rangi nyepesi kufa, njano zikiwamo, zimebaki huko kwa namna ambayo ni nadra kuiona kwingineko. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilisema huu ni uchoyo. Baadaye nikakumbuka kabati langu. Katika shule moja niliyoiongoza nilivifungia vitabu vya maktaba kabatini ili watoto wasivichakaze, na nilipolifungua nikakuta mchwa wamevimaliza. Mimi nilificha, nikapoteza. Wao walificha, wakahifadhi, na leo picha zao zimepigwa picha na kuwekwa ambapo hata mjukuu wangu anazifikia. Bado sharti lile linanitia simanzi, maana picha ilichapwa ili itazamwe, na kila kutazamwa juani kunaipunguza. Makumbusho mengi yamechagua njia ya kati: taa hafifu, miezi michache, kisha picha hurudi gizani kupumzika kwa miaka. Sina njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kinachonikera zaidi katika habari yangu ni kwamba lugha yangu ilinionya, sikusikia. Sisi tuna maneno machache ya asili ya rangi: -eupe, -eusi, -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani ni cha majani, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni ya tunda, na manjano ni ya manjano. Wajapani nao hudhurungi huiita rangi ya chai, na njano mojawapo huiita rangi ya *ukon*, yaani, neno kwa neno, rangi ya manjano. Kila niliposimama darasani na kutamka "rangi ya manjano" nilikuwa natamka jibu. Rangi ni kitu. Kimeng'olewa shambani, kimetwangwa, kimechemshwa, na kitaoza au kitachujuka kama vitu vingine. Aliyekijua kitu hicho darasani alikuwa mmoja tu, nami nilimwambia akae chini kwa sababu ujuzi wake ulinuka jiko.

Kwa hiyo kwa vijana wanaosomea ualimu, na kwa yeyote anayetaka kuhukumu kazi ya mikono ya watu, ningeshauri hivi: kabla ya kuuliza kazi ina maana gani, uliza imetengenezwa na nini, na kitu hicho hufanywa nini na maji, na jua, na miaka. Na kama aliye na jibu ni mtoto, au mama anayeanua nguo, msikilize hadi mwisho.

Mwaka jana nilifanikiwa kupata namba ya simu ya yule msichana. Sasa ni mwalimu mkoani Tanga, naye amekaribia kustaafu. Aliniamkia "Shikamoo, Mwalimu," nikaitikia, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha nikamweleza kwa nini nimempigia. Alinyamaza kidogo. Akasema picha yenyewe haikumbuki hata kidogo, ila anakumbuka darasa lilivyocheka. Nikamwomba radhi. Akasema yamepita, Mwalimu, na kwamba yeye mwenyewe amewakalisha chini watoto wengi asiowakumbuka.

Halafu akaniuliza, "Kwani hilo daraja lilikuwa la rangi gani?"

"La manjano," nikamwambia.